Nitawapimaje masenta wa timu kabla msimu haujaanza?

Swali: Kocha, habari za kazi. Kila mwaka kabla ya msimu wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, nasoma uchambuzi unaosema timu fulani imesheheni masenta, wale wachezaji wakubwa wa chini ya kikapu, na nyingine haina senta wa maana. Ikifika kwenye mchujo wa kuwania ubingwa, wale waliosifiwa nawaona wamekaa benchi na timu inacheza na watu wafupi. Takwimu zao ni nzuri, urefu wanao, mishahara mikubwa wanapokea. Sasa mtu kama mimi ninayefuatilia kwa mbali, nitazame nini mwezi Oktoba ili nijue kama timu yangu iko salama pale chini ya kikapu?

Jibu: Ndugu yangu, swali hilo huwashinda hata watu wanaolipwa kulijibu. Wachukue Orlando Magic wa mwaka 2016. Tayari walikuwa na Nikola Vučević, senta mwenye mikono laini anayejua kufunga kwa njia nyingi. Juni wakamleta Serge Ibaka kutoka Oklahoma City, na Julai wakamsajili Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, kwa dola milioni 72 za miaka minne. Kwa kuhesabu majina, timu chache zilikuwa na watu wakubwa watatu wa kiwango hicho. Kufikia Februari Ibaka alikuwa ameshapelekwa Toronto, na msimu ukaisha timu ikiwa imeshinda mechi 29 kati ya 82. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amesahau kucheza. Wote watatu walikuwa na thamani zaidi wakiwa karibu na kikapu, na ili wapate nafasi, Aaron Gordon aliyefaa kabisa kucheza namba nne, jirani wa senta, akasukumwa pembeni kuwa namba tatu, mbali zaidi na kikapu. Waliosajili walipima wachezaji, hawakuipima nafasi.

Kwa hiyo kabla hujafungua ukurasa wa takwimu, chukua karatasi uandike 48, yaani dakika za mechi moja. Senta anayeanza, hata akiwa nyota, ni nadra kuvuka dakika 34. Mwili mkubwa huchoka mapema, na faulo zinamwandama kuliko wenzake kwa sababu kila anayepenya huishia kifuani kwake. Zinabaki dakika 14 au zaidi kila usiku, mara 82. Hizo ni za nani? Na huyo wa pili akilazimika kuanza kwa kuwa wa kwanza ameumia, zile dakika zake 14 anazichukua nani? Ukikosa jina la kuandika hapo, timu haiko salama, hata kama jina la kwanza ni la mchezaji bora wa ligi nzima. Denver Nuggets wanalijua hilo. Wana Nikola Jokić, mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024, lakini kwa miaka mingi uongozi aliowajengea uwanjani ulikuwa ukiyeyuka kila alipokaa kupumzika. Ndiyo maana Julai 2025 walimchukua Jonas Valančiūnas, senta aliyezoea kuanza, aje kushika dakika za kupumzika tu.

Oklahoma City Thunder walionyesha pande zote mbili za jambo hili ndani ya msimu mmoja. Julai 2024 walimsajili Isaiah Hartenstein kwa dola milioni 87 za miaka mitatu, acheze pamoja na Chet Holmgren na pia ampokee. Kwenye mechi za maandalizi Hartenstein akavunjika mkono wa kushoto. Holmgren akabeba nafasi peke yake hadi Novemba 10, alipoanguka vibaya katika mechi na Golden State na kuvunjika mfupa wa nyonga. Senta wa tatu, Jaylin Williams, naye alikuwa majeruhi. Kwa siku kadhaa timu ambayo baadaye ingetwaa ubingwa ikawa inamtumia Jalen Williams kama senta, mchezaji wa pembeni asiyefika hata mita mbili. Hawakuporomoka kwa sababu walinzi wao wa nje hawampi mtu njia ya kupenya, na Hartenstein akarudi mwezi huohuo. Juni 2025 wakawa mabingwa. Mchambuzi aliyewapima Oktoba kwa kuangalia masenta wawili wazuri alikuwa sahihi, na bado alikuwa amesahau swali la mtu wa tatu. Jibu la swali hilo lilipatikana kwa walinzi wa nje, mahali ambapo wengi hawaangalii wanapozungumzia masenta.

Sasa urefu. Najua hapa wengi wetu tuna kidonda, kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Mtanzania huyu wa mita 2.21 alichaguliwa wa pili mwaka 2009 na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Akiwa chuo cha Connecticut alikuwa ukuta. Lakini dalili ilishaonekana Februari mwaka huohuo, Connecticut ikiwa namba moja katika vyuo vya Marekani, ilipokutana na Pittsburgh yenye DeJuan Blair, kijana aliyemzidi Thabeet ufupi kwa takriban sentimita 20. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa), na Pittsburgh wakashinda. Ukiipata mechi hiyo, itazame usawa wa kiuno, achana na vichwa. Mpira ukishapigwa kuelekea kikapuni, Blair anazishusha nyonga zake chini ya nyonga za Thabeet, anamsogeza hatua moja kutoka kikapuni, ndipo anaruka. Mtu wa mita 2.21 aliyesogezwa hatua moja haufikii mpira ambao mtu wa mita mbili ameshasimama chini yake. NBA imejaa watu wa aina ya Blair, tena wenye uzoefu zaidi. Na Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol, kwa hiyo kijana aliyeanza mchezo huu akiwa ameshakua hakupata dakika za kujifunzia makosa. Naamini mambo yangekuwa tofauti kwenye timu isiyo na senta na yenye subira ya miaka miwili.

Upande wa pili yupo Ben Wallace. Mwaka 1996 hakuchaguliwa na timu yoyote, na hata urefu ulioandikwa kwenye karatasi, mita 2.06, ulikuwa mdogo kwa senta. Akawa mlinzi bora wa ligi mara nne na bingwa na Detroit Pistons mwaka 2004. Alikuwa na mikono mirefu, kiuno cha chini na miguu isiyosogezeka. Kwa hiyo ukiona kwenye orodha kwamba timu imesajili mtu wa mita 2.18, usiandike chochote bado. Tafuta mkono wake ukiinuliwa unafika wapi, kisha umtazame akigombea nafasi na mtu mfupi mwenye nguvu.

Kwenye ulinzi ndiko wachambuzi wengi wanakopotoka, na hapa naomba tukae kidogo. Bloku ni kitu kizuri kutazama, na nafurahi kwamba waliowahi kuzuia mitupo mingi kuliko wote katika ligi hiyo ni Waafrika wawili, Hakeem Olajuwon kwa bloku 3,830 na Dikembe Mutombo kwa 3,289. Lakini senta mwenye bloku mbili kwa mechi ameigusa mitupo miwili tu kati ya mitupo zaidi ya 80 ya wapinzani. Kazi yake kubwa ipo kwenye mitupo ambayo haikupigwa kabisa: mshambuliaji amempita mlinzi wake, ameinua macho, ameona mkono ule, akageuza pasi nje. Hiyo haiandikwi popote. Kwa hiyo kwenye takwimu za msimu uliopita tafuta mambo mawili. Senta akiwa uwanjani, wapinzani walipiga mitupo mingapi karibu kabisa na kikapu, na waliingiza kwa asilimia gani? Kama asilimia ni ndogo lakini wanapiga mingi kupita kawaida, maana yake hawamwogopi, na kuna walinzi wa nje wanaopitwa ovyo.

Hilo la walinzi wa nje ndilo lililomfanya Rudy Gobert aonekane watu wawili tofauti. Mwaka 2021 Utah Jazz walimaliza wa kwanza katika ligi nzima, ushindi 52 na vipigo 20, na Gobert akatajwa mlinzi bora. Kwenye mchujo wakakutana na Los Angeles Clippers, ambao waliwapanga watu watano wanaoweza kupiga mpira kutoka mbali. Mechi ya sita Utah waliongoza kwa pointi 25, kisha wakapoteza mechi na mashindano. Terance Mann, ambaye Gobert ndiye aliyekuwa akimlinda mara nyingi, alifunga pointi 39, pamoja na mitupo saba ya pointi tatu.

Watu waliandika kwamba Gobert hawezi kukaba nje. Rudia kutazama. Mchezaji wa Clippers anampita mlinzi wa Utah kwa hatua mbili za kwanza, pale juu, bila hata kuwekewa skrini, yaani mwenzake kusimama njiani kumzuia mlinzi kwa mwili. Gobert yuko pembeni na Mann, kwenye kona. Ana uchaguzi wa aina mbili: abaki na Mann mpira uingie kikapuni bila kupingwa, au asogee kuziba kikapu pasi iende kona. Anasogea, kama senta yeyote mwaminifu angefanya. Pasi inakwenda kona. Anarudi mbio akiwa amechelewa, na Mann anapiga, au anampita kwa kuwa mtu anayekuja mbio hawezi kubadili mwelekeo. Kosa lilianzia kwa yule aliyepitwa juu, likahesabiwa kwa mtu wa mwisho kufika. Hata angewekwa senta mwingine, kona ile ingebaki wazi.

Miaka minne baadaye, akiwa na Minnesota Timberwolves, mbele yake akiwapo Jaden McDaniels na Anthony Edwards, watu wasiopitika kirahisi, Gobert huyohuyo aliimaliza Los Angeles Lakers katika mechi ya tano ya raundi ya kwanza kwa pointi 27 na ribaundi 24. Na wa kuangaliwa hapo ni Lakers. Februari 2025 walikuwa wamekubaliana na Charlotte kumchukua Mark Williams, kisha wakavunja makubaliano baada ya vipimo vya afya. Wakaingia kwenye mchujo na masenta ambao kocha JJ Redick hakuwaamini, hadi mechi ya nne akacheza nusu yote ya pili ya mchezo na watu walewale watano bila senta wa kweli. Kucheza bila senta kwa kupenda na kucheza bila senta kwa kukosa ni mambo mawili, na mpinzani mwenye Gobert aliiona tofauti hiyo mara moja.

Roy Hibbert wa Indiana naye alipitia hilo mwaka 2014. Kwenye kura za mlinzi bora alikuwa wa pili, kisha Atlanta wakampangia senta anayepiga pointi tatu, Pero Antić, na mechi ya tano ikaisha Hibbert akiwa hana pointi wala ribaundi.

Ribaundi nazo zina hila yake. Wako masenta wanaokusanya 12 kwa mechi huku timu yao ikipoteza ribaundi, kwa sababu wanamwacha mtu wao ili waukimbilie mpira. Na wako wenye saba tu ambao wakiwa uwanjani timu haipotezi mpira. Steven Adams ni mfano ninaoupenda. Msimu wa 2016-17 Russell Westbrook alipata wastani wa ribaundi 10.7, akiwa gadi, mchezaji wa nje anayeongoza mpira. Nyingi ya hizo zilimjia kwa sababu Adams alikuwa amemwekea mgongo mtu mkubwa wa upande wa pili na kumfungia nje, Westbrook akachukua mpira na kukimbia nao mbele. Kwa hiyo usiulize senta ana ribaundi ngapi. Uliza timu inapata asilimia ngapi ya ribaundi za chini ya kikapu chake akiwa yupo, na ngapi akiwa hayupo.

Kwenye mashambulizi sitakaa sana, kwa kuwa pointi kila mtu anaziona. Ila kuna vitu vitatu huwa havionekani. Cha kwanza ni skrini. Angalia kama mlinzi anayeifuata skrini ya senta wako anagonga kifua kilichosimama au anapita akigusa bega tu. Senta mvivu hugeuka kuelekea kikapuni kabla mlinzi hajamgonga, na gadi wake anabaki na mtu kifuani. Cha pili ni mikono. Dallas Mavericks walifika fainali mwaka 2024 wakiwagawia nafasi hiyo Daniel Gafford na Dereck Lively, vijana ambao hawakuhitaji kuundiwa shambulizi lolote. Waliweka skrini, wakakimbilia kikapuni, Luka Dončić akawarushia mpira juu, nao wakaudaka na kuudanki. Senta anayedondosha pasi kama hizo anaua skrini nzuri iliyotangulia. Cha tatu ni mitupo huru. Mwaka 2015 Houston walimfanyia faulo DeAndre Jordan kwa makusudi katika mechi ya nne ya nusu fainali ya ukanda wa magharibi hadi akapiga mitupo huru 34, akaingiza 14. Sheria ilirekebishwa mwaka 2016 ili kupunguza mtindo huo, lakini kocha bado atamtoa senta wa namna hiyo mechi inapobana, na dakika za mwisho zitabaki na mtu mwingine kwenye karatasi yako.

Na je, senta anayepiga mbali? Ni mali kubwa, ila usikubali habari za Oktoba kwamba fulani amefanya mazoezi ya pointi tatu miezi yote ya mapumziko. Habari hizo huja kila mwaka. Inapotokea kweli, inaonekana kwenye idadi ya mitupo kabla ya kuonekana kwenye asilimia. Brook Lopez katika misimu yake minane ya kwanza alikuwa ameingiza mitupo mitatu tu ya pointi tatu. Msimu wa 2016-17 akaingiza 134, na mwaka 2021 akawa bingwa na Milwaukee Bucks, nje akipiga, ndani akiziba. Kwenye mechi za maandalizi hesabu ni mara ngapi anapiga bila kusita. Akikosa nne kati ya tano lakini zote alizipiga mara mpira ulipomfikia, kocha ameruhusu na mpango upo. Akiipokea pasi, akatazama kikapu, kisha akairudisha, basi msimu mzima mlinzi wake atakaa chini ya kikapu akimsubiri anayepenya.

Kama timu yako imeleta senta kutoka ligi za Ulaya, mpe punguzo la miezi ya kwanza, kwa sababu sheria zinambana. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, mpira ukishagusa ringi anaweza kuupangua au kuusukumia ndani. Katika NBA akiugusa ungali juu ya ringi ni kosa. FIBA inamruhusu mlinzi kusimama chini ya kikapu atakavyo, lakini NBA tangu msimu wa 2001-02 inamwadhibu akizidisha sekunde tatu pale bila kumlinda mtu aliye karibu naye. Na mstari wa pointi tatu pale juu uko mita 7.24 badala ya 6.75, hivyo umbali wa kumkimbilia anayepiga kutoka huko umeongezeka. Nafuu yake ni faulo sita badala ya tano.

Afya ni suala gumu, na kwa masenta ni gumu zaidi. Mguu unaobeba kilo 120 na kuruka mara kadhaa kila dakika una mipaka. Greg Oden alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007, mbele ya Kevin Durant, na maisha yake yote ya NBA yakawa mechi 105. Yao Ming alistaafu mwaka 2011 kwa ajili ya miguu. Joel Embiid, Mkameruni aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, alicheza mechi 39 msimu uliofuata na 19 msimu uliofuata huo. Kanuni yangu ni kuchukua misimu mitatu iliyopita, kujumlisha mechi alizocheza, kugawa kwa tatu, na kuitumia namba hiyo bila kuiongezea matumaini. Kisha nauliza ameumia wapi. Kidole kilichovunjika hakinisumbui. Mfupa wa wayo, goti lililopasuliwa zaidi ya mara moja, au mgongo kwa mtu aliyevuka miaka 30, hapo namwandikia dakika chache kuliko kocha anavyosema kwenye mahojiano.

Sasa Oktoba yenyewe. Matokeo ya mechi za maandalizi hayana uzito, na pointi za senta nazo hazina, kwa kuwa nusu ya wapinzani watakuwa wachezaji wanaotafuta mkataba. Tazama miguu. Wapinzani wanapoweka skrini juu, senta wako anafanya nini? Anarudi nyuma kulinda kikapu, anapanda kumzuia mwenye mpira, au anabadilishana mtu na gadi wake? Hakuna jibu moja sahihi. Linalonipa imani ni kuona wa kwanza na wa pili wanafanya mambo mawili tofauti na wote wanayafanya vizuri. Akirudi nyuma, angalia kama mgongo wake umenyooka na visigino vimegusa sakafu. Anayesimama hivyo atachelewa kwa mwenye mpira na atachelewa kwa anayekimbilia kikapuni. Aliyeinama kidogo, mkono mmoja juu ukiziba pasi na mwingine chini, anayerudi kwa hatua fupi, anawashikilia washambuliaji wawili kwa sekunde moja au mbili, muda unaomtosha gadi wake kurudi.

Tazama pia hatua tatu za kwanza timu yake inapopoteza mpira. Senta anayegeuka na kukimbia mara moja ameokoa vikapu ambavyo hutaviona kwenye takwimu yoyote. Na kama matangazo yanachukua sauti za uwanjani, sikiliza. Senta ndiye mchezaji pekee anayeona wengine wote wanne mbele yake, na anapaswa kuwaelekeza skrini inatoka wapi. Timu yenye senta bubu hujikuta walinzi wawili wamemfuata mtu mmoja.

Nirudi kwenye lililokuuma, la wanaosifiwa kukaa benchi wakati wa mchujo. Kwenye msimu wa kawaida mpinzani hubadilika kila baada ya siku moja au mbili, na hakuna anayepata muda wa kuchimba udhaifu wa senta wako. Kwenye mchujo mtakutana na watu walewale hadi mara saba, nao wana makocha wanaolala wakitazama video. Kama senta wako anajua kulinda kwa namna moja tu, kufikia mechi ya tatu namna hiyo imeshapatiwa dawa. Ndiyo maana Toronto Raptors, wakitaka ubingwa mwaka 2019, walimwachia Valančiūnas na kumchukua Marc Gasol Februari, wakabaki naye pamoja na Ibaka. Mmoja anapanga mashambulizi na kutuliza watu wazito, mwingine anaruka na kukimbia, na kocha Nick Nurse akawabadilisha kulingana na aliye mbele yao. Lakers wa 2020 walianza na JaVale McGee msimu mzima, wakamtumia Dwight Howard kwa nguvu dhidi ya Jokić, na mechi ya mwisho ya fainali wakamwanzisha gadi, Alex Caruso, badala ya Howard, Anthony Davis akacheza senta. Hata Oklahoma City mwaka 2025 walimweka Hartenstein benchi mwanzoni mwa fainali na Indiana, wakamrudisha kuanza mechi ya nne. Senta anayekaa benchi kwenye mfululizo mmoja si lazima awe mbovu. La kuuliza ni kama akikaa, kuna mwenzake wa aina nyingine wa kuchukua zamu, na kama atakapoitwa tena atakuwa tayari.

Basi ukishamaliza hesabu ya dakika 48, andika pembeni ya kila jina namna anavyolinda na kinachomtoa mchezoni. Ikitokea wawili wanatolewa na kitu kilekile, kwa mfano wote wanateswa na senta anayepiga mbali, basi kwa mchujo una senta mmoja tu mwenye majina mawili. Hapo ningependelea timu yenye senta wa kawaida wawili wasiofanana kuliko nyota wawili wa aina moja. Orlando wa 2016 wangeniunga mkono.

Na kuhusu kijana wa tatu aliyesajiliwa mwaka huu, ambaye mashabiki wameshaanza kumwita tegemeo kwa sababu alizuia mitupo mitano kwenye mashindano ya vijana ya Julai, usimpe dakika za mtu mzima. Masenta hukomaa taratibu. Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014 na hakuvaa jezi ya Denver hadi mwaka uliofuata. Hartenstein alichaguliwa wa 43 mwaka 2017, akazunguka Houston, Denver, Cleveland, Clippers na New York kabla hajawa mtu wa kutegemewa na timu bingwa. Kijana wa namna hiyo mwandikie dakika sita hadi nane mwezi Oktoba, angalia kama faulo zake zinapungua kufikia Januari, ndipo ufute namba hiyo uandike nyingine.